Nyuzinyuzi uzitafute wapi: kunde, dona, majimbi, mapera au isabgoli?

Ushauri wa "kula vyakula vyenye nyuzinyuzi" hutolewa kwa sentensi moja na kuachwa hapo hapo. Hupewa mtu wa sukari, mwenye presha, mjamzito anayesumbuliwa na choo kigumu, na mzee ambaye bawasiri zimemrejea. Wote hutoka na sentensi ile ile, na wakifika nyumbani kila mtu ana lake la kuwaambia: huyu anasifu kunde, yule dona, mwengine majimbi, wa nne anasema kula papai kila asubuhi, na kijana aliyesoma kwenye simu analeta kopo la isabgoli, maganda ya mbegu yanayovimba kwenye maji, kutoka duka la dawa.

Hakuna aliyekosea. Ila vitu hivyo vitano havifanyi kazi moja, havigharimu sawa, wala havipokelewi na tumbo kwa namna moja. Anayetaka kushusha lehemu (kolesteroli) na anayetaka kupata choo bila ya kukamua wanaweza kula vitu viwili tofauti na wote wakawa wamefuata ushauri.

Tunapima nini

La kwanza ni kiasi kinachofika kwenye sahani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, zitokane na chakula chenyewe. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 gramu 15, wa 6 hadi 9 gramu 21. Majedwali mengi hutaja kiasi kwa gramu 100, lakini hakuna anayekula gramu 100 za wali wala gramu 100 za ndimu. Kwa hiyo hapa tutahesabu kwa sahani, bakuli na tunda. Ni makadirio, maana majimbi ya Konde, Pemba, na ya Kizimbani, Unguja, hayakupimwa kwa mzani mmoja, lakini yanatosha kulinganishia.

La pili ni kazi. Kuna nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji na kuwa kama ute. Hizi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na hunasa tindikali za nyongo zikatoka na choo, hivyo ini hulazimika kutumia lehemu kutengeneza nyengine. Na kuna zisizoyeyuka, ambazo hupita zikiwa nzima, hukipa choo ujazo na kukiharakisha. Chakula kingi kina zote mbili kwa viwango tofauti. Baadhi huliwa na bakteria wa utumbo mpana, na mabaki ya karamu yao ni asidi ambazo ukuta wa utumbo hutumia kama chakula chake. Gesi inatoka huko huko, tutaifikia.

La tatu ni bei na moto: fedha ya sokoni pamoja na gesi au makaa yatakayoungua. La nne ni tumbo, yaani linavyopokea. Mwisho tutasema kitu kinamfaa nani.

Na faida zenyewe zina uzito gani? Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliokusanya tafiti 185 za kufuatilia watu kwa miaka na majaribio 58. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi, wakilinganishwa na waliokula chache zaidi, walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 15 hadi 30 ya kufa mapema, kupata maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari cha aina ya pili na saratani ya utumbo mpana. Faida kubwa ilionekana kwenye gramu 25 hadi 29 kwa siku. Na mazungumzo haya yalianzia jirani tu. Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi miaka mingi Uganda, ndio walioshangaa kuona maradhi yaliyojaza wodi za Ulaya ni adimu kwa watu wa huku, na kwenye miaka ya 1970 wakaelekeza kidole kwenye unga uliokobolewa. Si kila walichokisema kimethibitika, lakini swali lao lilikuwa la maana. Leo ni sisi tuliohamia kwenye boflo na wali mweupe.

Jamii ya kunde: kunde, choroko, mbaazi, maharage, adesi

*Kiasi.* Hapa hakuna mshindani kwa wingi. Kikombe kimoja cha kunde, mbaazi, choroko au adesi zilizokwisha kupikwa kina gramu 11 mpaka 15. Bakuli moja la wastani ni nusu ya safari ya siku nzima. Sahani kubwa ya wali mweupe, ile ya gramu 300 inayoshibisha mtu aliyetoka shamba, ina gramu moja na kidogo. Ukipunguza wali wako kwa theluthi na kuiziba nafasi hiyo kwa kunde, umebadilisha hesabu ya siku bila ya kubadilisha chakula.

*Kazi.* Zina aina zote mbili, na zinazoyeyuka si haba. Wanga wake husagika polepole, ndiyo maana mwenye sukari anayekula choroko hukuta kipimo kimetulia kuliko alipokula wali mtupu. Lehemu nayo hushuka, lakini angalia nazi. Kunde za nazi zilizotiwa tui zito la kwanza hadi likaelea mafuta juu zinampa mtu nyuzinyuzi kwa mkono wa kulia na mafuta mazito kwa wa kushoto. Tui la pili, jepesi, linatosha kutoa ladha. Na kwa kuwa tumefika kwenye nazi: nyuzinyuzi za nazi hubaki kwenye machicha, yale tunayowamwagia kuku. Kinachoingia chunguni ni mafuta na maji. Wanaoyakaanga machicha makavu na kuyachanganya kwenye mboga wanajua wanachokifanya.

*Bei na moto.* Sokoni ni rahisi, na bei haipandi na kushuka kila wiki kama ya samaki. Upande wa uwanda wa Unguja, Makunduchi na majirani zake, kunde na choroko hustawi kwenye ardhi ya mawe ambayo mpunga hauitaki. Gharama yake ni moto. Maharage makavu yasiyorowekwa yanaweza kula gesi kwa saa mbili. Yaroweke usiku, maji yamwage, tia mengine, na uyaache yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo kabla ya kupunguza moto. Hilo la kuchemka kwa nguvu si la kupuuza: maharage, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na moto mkali tu, na yakipikwa kwa moto mdogo bila ya kuchemka yanatapisha. Mwenye haraka achukue adesi, zinaiva kwa dakika 20 au 25 bila ya kurowekwa. Choroko zinafuata. Wanaopika mara moja sufuria kubwa na kugandisha kwenye vifuko kwenye friji wanakuta gharama ya gesi haisumbui tena.

*Tumbo.* Hapa ndipo malalamiko yalipo. "Maharage yananijaza" ni kweli tupu. Bakteria wanakula sukari ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya na kutoa gesi. Kuroweka na kumwaga maji hupunguza. Kuanza na robo kikombe kwa siku na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu hupunguza zaidi, maana bakteria nao huzoea. Choroko na adesi huwa laini kwa tumbo kuliko maharage.

*Inamfaa nani.* Mwenye sukari, mwenye lehemu, anayetaka kupungua uzito bila ya kulala na njaa, na nyumba yenye watu wengi na fedha kidogo. Haimfai sana mwenye tumbo jepesi kukasirika, na mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asiijaze sahani yake kabla ya kuuliza.

Nafaka zisizokobolewa: dona, mtama, uwele, atta, mchele wa kahawia

*Kiasi.* Ugali uliosongwa kwa gramu 100 za unga wa dona una gramu 7 hivi. Wa sembe nyeupe hushuka chini sana. Mtama mzima ni sawa na dona. Chapati mbili za unga wa atta, yaani ngano nzima, hufika gramu 10, na za unga mweupe ni 3. Mchele wa kahawia, sahani ile ile ya gramu 300, unatoa 5. Si nyingi kama za kunde, lakini hiki ndicho chakula tunachokula kwa wingi kila siku, kwa hiyo mabadiliko madogo yanajirudia mara nyingi.

*Kazi.* Nyingi ni zisizoyeyuka. Kwa choo kigumu, pumba ya ngano ni miongoni mwa vitu vinavyosaidia vizuri. Kwa lehemu hazina nguvu hiyo, isipokuwa oti, ambayo ina nyuzinyuzi zinazoyeyuka za aina yake. Oti si ya kwetu na inakuja kwa meli, ila bakuli la uji wake asubuhi lina gramu 4.

Ukinunua mkate, usinunue kwa rangi. Boflo la kahawia linaweza kuwa unga mweupe uliotiwa rangi. Tazama kilichoandikwa cha kwanza kwenye orodha ya viungo: kama si ngano nzima, umelipia rangi. Bokoboko lina hadhi bora hapa kuliko watu wanavyodhani, maana ngano yake hutwangwa tu na haiwi unga mweupe. Samli inayomiminwa juu ni kesi nyengine.

*Bei na moto.* Dona na mtama ni rahisi. Mchele wa kahawia ni ghali, unapatikana kwenye maduka machache ya mjini, na huchukua dakika 40 au 45 kuiva. Kuna njia ya kati ambayo wenye mpunga wao Cheju, Unguja, au kwenye mabonde ya Pemba wanaijua: mpunga ukikobolewa mara moja tu bila ya kurudishwa mashineni, au ukitwangwa kinuni, hubakiwa na sehemu ya ngozi yake. Wali wake hauna weupe wa mchele wa mapembe, una rangi ya udongo hafifu na harufu ya mchele hasa. Mwenye kununua polo la dukani hana uchaguzi huo. Anaweza kufanya jambo dogo jengine: wali uliopikwa, ukapoa na kuwekwa kwenye friji, sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa haimeng'enyeki kirahisi, na hubaki hivyo hata ukipashwa. Faida ni ndogo. Kiporo kiingie kwenye friji mapema na kipashwe hadi kitoe moshi, maana kuna bakteria wa wali anayependa sana sufuria iliyoachwa jikoni usiku kucha.

Unga usiokobolewa una mafuta ya kiini cha mbegu, kwa hiyo huharibika haraka, na hewa ya visiwani ina unyevu. Nunua wa wiki moja au mbili. Ukinusa uvundo au ukaona ukungu, usiupepete ukadhani umeokoa. Sumukuvu haionekani wala haiondoki kwa kupika.

*Tumbo.* Hazijazi sana gesi. Tatizo ni maji: mtu akila pumba nyingi bila ya kunywa, choo kinaweza kuwa kigumu zaidi kuliko alivyoanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye choo kigumu ambaye hataki kubadilisha mlo wake, anayekula ugali au chapati kila siku, skuli za bweni na jiko lolote linalopikia watu wengi. Wazee wa nyumbani wanaweza kukataa. Usiwabishie, changanya nusu atta na nusu unga mweupe, hakuna atakayeuliza.

Mizizi, ndizi na shelisheli

*Kiasi.* Hapa kuna tofauti kubwa ndani ya kundi moja. Muhogo, ambao wengi wanautaja wa kwanza, ni wa nyuma: kipande kikubwa cha gramu 250 kilichochemshwa kina gramu 4 au 5. Usidanganywe na ule mzizi mgumu wa katikati, huo tunautoa na kuutupa. Majimbi kwa uzito huo huo yanafika 12. Shelisheli nalo liko pale pale, 12. Kiazi kitamu kikiliwa na ganda lake ni 8, na ndizi mbichi zilizochemshwa, mkono wa tembo au mzuzu, ni 5 au 6.

Itazame sahani ya futari kwa macho hayo. Ikiwa na majimbi, kipande cha shelisheli na vijiko viwili vya kunde, mtu anaweza kutoka na zaidi ya gramu 15 kabla ya daku. Ikiwa na tambi za sukari, kaimati, sambusa na muhogo wa kukaanga, hapati hata 6. Zote mbili zinaitwa futari.

*Kazi.* Mchanganyiko. Ndizi mbichi na mizizi iliyopoa ina wanga usiomeng'enyeka, na bakteria wa utumbo wanaupenda. Lakini kundi hili ni wanga kwanza, nyuzinyuzi baadaye. Mwenye sukari asione majimbi yamesifiwa akajaza sinia. Kiazi kitamu kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kilichochomwa, na kipande kimoja kikiwa na samaki na mboga si sawa na vitatu vikiwa na chai ya sukari.

*Bei na moto.* Kwa msimu, rahisi. Shelisheli likikithiri hugaiwa bure kwa majirani. Huchemka kwa nusu saa au chini ya hapo. Majimbi yaive vizuri, yasipoiva yanawasha koo. Muhogo umenywe na uchemshwe hadi ulainike, hasa wa mchungu, kwa sababu ya sumu yake.

Kukaanga hakuondoi nyuzinyuzi, huongeza mafuta. Chipsi za shelisheli ni tamu mno na hilo ndilo tatizo lake.

*Tumbo.* Laini kuliko makundi yote. Mgonjwa aliyekuwa hali vizuri anaweza kuanzia hapa.

*Inamfaa nani.* Mkulima na mvuvi wanaohitaji nguvu pamoja na nyuzinyuzi, watoto wa skuli asubuhi badala ya boflo na chai, wazee wasio na meno ya kutafuna, na wenye tumbo linalokasirika na kunde. Mgonjwa wa figo aulize kwanza, kama kwenye kunde.

Matunda na mboga

*Kiasi.* Tunda moja moja ni dogo, lakini yanajumlika. Mapera mawili ya wastani yana gramu 6, na hapa pera linayashinda matunda mengi yanayosifiwa kuliko hilo. Embe zima ni 3, chungwa 3, kipande kikubwa cha papai 5. Tende tatu ndogo ni 2 hivi. Kikombe cha mchicha uliopikwa ni 2 au 3. Tatizo la mchicha ni kuwa fungu zima likiingia chunguni hutoka kiganja. Bamia kikombe kimoja ni 4, na ule ute wake ambao watoto wanaukimbia ndio nyuzinyuzi zinazoyeyuka.

*Kazi.* Zote mbili, pamoja na maji, vitamini na madini ambayo makundi mengine hayana kwa wingi huo. Shirika la Afya Duniani linataka gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima.

Juisi iko nje ya hesabu hii. Bungo, pesheni au ukwaju ukishachujwa na kutiwa sukari, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio na glasi ina sukari ya vijiko vitatu. Pesheni ukiikata na kuila kwa kijiko na mbegu zake ni tunda jengine kabisa. Na hofu ya mbegu za pera kukwama kwenye kidole tumbo ni kubwa kuliko hatari yenyewe.

*Bei na moto.* Kwa msimu ni rahisi, nje ya msimu ni ghali. Hayahitaji moto, isipokuwa mboga za majani, na kisamvu ambacho lazima kitwangwe na kuchemshwa sana kwa ajili ya sumu.

*Tumbo.* Wengi hawapati shida.

*Inamfaa nani.* Kila mtu kama nyongeza. Kwa kujitegemea peke yake, wachache watafika 25 kwa matunda na mboga tu; utahitaji kula kuanzia asubuhi mpaka isha.

Isabgoli

Ni maganda ya mbegu za mmea unaolimwa sana India, Gujarat na Rajasthan, na wauza dawa wa Kihindi wamekuwa nayo tangu zamani.

*Kiasi.* Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 4 hivi, karibu nyuzinyuzi tupu.

*Kazi.* Ina nguvu kuliko ukubwa wake. Ikikutana na maji huvimba na kuwa ute mzito. Hulainisha choo kigumu, na ajabu yake, hukishikisha choo kilichokuwa maji. Ikinywewa kila siku, gramu 10 hivi, hushusha lehemu mbaya kwa kiasi kinachoonekana kwenye vipimo. Haichukui nafasi ya vidonge ulivyoandikiwa. Wala haina protini, madini wala vitamini. Ni nyuzinyuzi na basi.

*Bei na moto.* Haitaki moto. Kopo ni ghali ukilinganisha na kilo ya choroko, na likiisha unanunua jengine.

*Tumbo.* Gesi ni kidogo kuliko ya kunde. Hatari iko kwenye maji. Kijiko kimoja kinataka glasi nzima ya maji, mililita 250, na inywewe mara moja kabla haijaganda. Kuilamba kavu kunaweza kumkaba mtu koo au kuziba utumbo. Asiitumie mwenye shida ya kumeza au aliyewahi kuziba utumbo. Dawa nyengine zinywewe saa mbili kabla au baada yake, kwani ute huo hunasa dawa pia, na anayechoma insulini apime sukari yake mara kwa mara anapoanza. Ndani ya Ramadhani inywewe baada ya futari, si dakika za mwisho kabla ya imsaki.

*Inamfaa nani.* Msafiri, mwenye bawasiri ambaye anataka nafuu wiki hii, mwenye lehemu ambaye ameshabadilisha mlo na anatafuta kidogo zaidi, na mzee ambaye hamu ya kula imekwisha.

Uchague vipi kwa hali yako

*Kama shida ni sukari*, anza na kunde, choroko au adesi mara moja kwa siku, na uzipe nafasi ya sehemu ya wali, usiziongeze juu ya wali. Mboga ziwe nyingi. Mizizi kipande kimoja, matunda mazima, juisi ziache.

*Kama ni lehemu au moyo*, kunde kwa tui jepesi, bamia, oti kama fedha inaruhusu, na isabgoli kwa kushauriana na daktari wako. Dona peke yake haitakufikisha.

*Kama ni choo kigumu*, atta au dona, papai, mapera, na maji. Subiri wiki moja kabla ya kukimbilia kopo. Usipoweza kusubiri, isabgoli kwa siku chache si dhambi.

*Mjamzito* ana la ziada: vidonge vya madini ya chuma vya kliniki mara nyingi ndivyo vinavyofunga choo, lakini asiviache. Ale matunda na mizizi, na akila kunde au dona akamulie ndimu na asishushie na chai, kwani nafaka nzima na kunde hushika madini ya chuma, ndimu huyaachia, na chai hurudi kuyashika tena.

*Mtoto chini ya miaka miwili* tumbo lake ni dogo. Uji mzito wa pumba humshibisha kabla hajapata nguvu. Papai, ndizi, kiazi kitamu kilichopondwa na kunde zilizomenywa zinamtosha.

*Kama tumbo lako linajaa kwa chochote*, pita njia ya majimbi, shelisheli na papai kwanza, halafu adesi kwa vijiko, na maharage yaje mwisho au yasije kabisa.

*Kama nyumba ina wagonjwa tofauti na chungu kimoja*, mpishi asijigawe mara tano. Choroko au adesi za nazi nyepesi, mchicha na wali kidogo vinawafaa karibu wote. Mwenye figo ndiye wa kutengewa kwa maelekezo ya daktari wake.

Chochote unachochagua, ongeza taratibu na unywe maji. Na kama kuna damu kwenye choo, choo kimebadilika ghafla na hakirudi kwa wiki kadhaa, tumbo linauma na kuvimba bila ya kutoa upepo, au uzito unashuka bila ya sababu, usianze na chakula chochote kati ya hivi. Nenda hospitali ukapimwe kwanza.